Kapteni Noel Chavasse, daktari wa mahandaki

Kila anapotajwa Kapteni Noel Chavasse, watu huanza na nishani zake, kwa kuwa ndiye pekee aliyetunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, mara mbili katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mimi ningeanza na kazi yake ya kila siku, kwa sababu naamini ushujaa wake ulitoka huko.

Alizaliwa Oxford mwaka 1884 pamoja na pacha wake, Christopher, na wakakulia Liverpool, ambako baba yao alikuwa askofu. Wote wawili walikimbia mita 400 katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908. Noel alisomea udaktari, akajitolea katika kikosi cha tiba cha jeshi la akiba mwaka 1913, na vita vilipozuka mwaka uliofuata akaenda Ufaransa na batalioni ya Liverpool Scottish. Kule mahandakini askari walishinda ndani ya maji baridi hadi miguu ikaoza, naye akawahangaikia soksi kavu, maji safi na vyoo visafi kwa bidii ileile aliyofungia majeraha.

Tarehe 9 Agosti 1916, huko Guillemont, Ufaransa, alitibu majeruhi mchana kutwa mahali pa wazi, risasi zikivuma, kisha usiku akatumia saa nne kuwatafuta waliolala mbele ya safu ya Wajerumani. Kesho yake kipande cha kombora kilimjeruhi ubavuni. Hata hivyo usiku alirudi na watu 20 waliojitolea, akawaopoa majeruhi 3 kutoka shimoni karibu kabisa na adui, na akakusanya vibati vya utambulisho vya waliokufa. Vibati hivyo ndivyo vinavyonigusa zaidi, maana bila kibati mama hubaki akisubiri asijue alie au atumaini. Mdogo wake mwenyewe, Aidan, alipotea vitani Julai 1917 na mwili wake haukupatikana.

Mwisho wa mwezi huohuo, karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, Chavasse alijeruhiwa kichwani akakataa kuondoka, na kwa siku 2, karibu bila chakula, akaendelea kuwabeba wenzake matopeni. Tarehe 2 Agosti kombora liliingia katika kituo chake na kumjeruhi vibaya tumboni. Alifariki Brandhoek, hukohuko Ubelgiji, tarehe 4 Agosti, akiwa na miaka 32. Gari la wagonjwa lililomchukua lilikuwa la kikosi cha Arthur Martin-Leake, daktari aliyekuwa wa kwanza kupata Victoria Cross mara mbili. Hadi leo walioipata mara mbili ni watu 3 tu, na wawili kati yao ni madaktari hao.