Randa yenye alama ya moyo imerudi, vipuri vyake haviko mtaani

Kisu cha randa ya Stanley No. 4 iliyotengenezwa Uingereza kinaingia kwenye Record No. 4 ya Sheffield bila kupigwa tupa popote. Kinaingia pia kwenye No. 5, kwa kuwa zote hizo hutumia kisu cha inchi 2. Bamba la juu, lile linalofungwa mgongoni mwa kisu ili kuvunja maranda, kwa kawaida nalo huhama hivyo hivyo kutoka randa moja kwenda nyingine. Kwa fundi wa Unga Limited hapa Arusha, au wa Majengo kule Moshi, hakuna sifa ya randa hizi inayoizidi hiyo. Ajabu ni kwamba kila watu wanapoanza kubishana kuhusu Sweetheart mpya, yaani randa ya Stanley iliyorudishwa na alama ya moyo, hiyo ndiyo sifa isiyotajwa.

Umbo tunalolijua ni la Leonard Bailey wa Boston. Gurudumu la shaba nyuma ya kisu linalosogeza kina na kifuniko kinachobana kwa kilimi ni kazi yake. Kampuni ya Stanley Rule and Level ya New Britain, Connecticut, ilichukua biashara yake ya randa mwaka 1869. Hataza zilipokwisha muda, watengenezaji wengine, Record wakiwemo, wakalifuata umbo lile lile. Kwa hiyo kilichokuwa mali ya kampuni moja kikawa kipimo cha dunia nzima, na ndiyo maana randa iliyokufa leo bado inaweza kuihudumia iliyo hai.

Alama ya moyo wenye herufi SW ilipigwa kwenye visu kuanzia mwaka 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930, kumuenzi William Hart, aliyeiongoza kwa miaka mingi Stanley Works, kampuni iliyokuja kuimeza ile Rule and Level. Kuelekea mwaka 2010 kampuni ikaurudisha moyo huo kwenye zana mpya: randa No. 4, randa No. 62 ya pembe ya chini, na patasi za 750. Randa zinatengenezwa Mexico, patasi Sheffield.

Ukiitazama No. 4 mpya kwa haraka utadhani ni ndugu wa ile ya zamani, lakini ndani ni chombo kingine. Kiti, pale kisu kinapolala, na kitako, ule uso wa chini unaoteleza kwenye mbao, ni chuma kimoja kilichomwagwa pamoja, wakati ya Bailey ina kiti kinachofungwa kwa skrubu mbili. Mdomo, ule mwanya kisu kinapotokea chini, unabanwa au kupanuliwa kwa kusogeza kipande cha mbele cha kitako. Kisu ni cha A2, aina ya chuma cha zana, unene wa mm 3.2, dhidi ya mm 2 hivi za kisu cha zamani. Gurudumu la Bailey halipo. Badala yake kuna parafujo ya mtindo wa Norris, ambayo hiyo hiyo moja hutoa kisu, hukirudisha, na hukiyumbisha kushoto na kulia.

Wanaoisifu wanautazama uzito, kisu kinene kisichotetemeka, na mdomo unaorekebishwa bila kutoa kisu. Wanaoilaumu wanalalamikia ulegevu wa parafujo, kwamba unaizungusha kwanza bure ndipo kisu kianze kutii, na kwamba jina la zamani limebandikwa kwenye kitu kisicho na ukoo wake. Wapo pia wasemao kwamba anayetaka randa mpya nzuri aongeze fedha anunue Lie-Nielsen ya Maine au Veritas ya Kanada, na anayetaka Stanley atafute iliyozeeka.

Mimi nasimama na hao wanaosema itafutwe iliyozeeka, kwa sababu nyingine kabisa. Siku parafujo ya No. 4 mpya ikiliwa meno, hakuna randa mbovu ya kuichinja mjini hapa ili kupata nyingine. Utaagiza ng'ambo, ulipe usafiri na ushuru, na kazi isimame. Tena parafujo ya Norris inaharibiwa kirahisi na mkono uliozoea Bailey. Gurudumu la Bailey unalizungusha huku kifuniko kimebana. Ya Norris ukiizungusha kifuniko kikiwa kimekaza, unakula meno yake taratibu mpaka ulegevu ule unaolalamikiwa unakuwa wa kudumu. Legeza kifuniko robo mzunguko kwanza, sogeza kisu, kisha kaza.

Basi tuseme umepata No. 4 au No. 5 kuukuu. Kutu ya juu isikutishe. Tazama ufa kwenye kingo za mdomo na pale ukuta wa pembeni unapokutana na kitako. Ufa hapo ni mwisho wa habari, kwa sababu chuma hiki cha kumwaga hakipendi kuchomelewa. Welding ya kawaida ya mtaani itakipinda au itafungua ufa mwingine pembeni. Kisha fungua skrubu zote na uzihesabu. Hapa ndipo randa nyingi zinapofia. Bolti za mpini na za kiti zina kipenyo cha mm 5.5 hivi na meno 20 kwa inchi. Ya M5 itacheza ndani ya tundu, ya M6 haitaingia. Skrubu inayounganisha kisu na bamba la juu ni ya inchi 5/16, meno 18 kwa inchi. Bolti ya M8 inafanana nayo kwa macho, itaingia mizunguko miwili mitatu halafu itakwama, na ukilazimisha unaua meno ya bamba. Chukua skrubu kutoka randa nyingine iliyovunjika. Randa yenye ufa uiache kwa muuzaji kama bei si ya chuma chakavu. Kama ni ya chuma chakavu, ichukue, maana hiyo ndiyo ghala lako. Na gurudumu la shaba likigoma, kumbuka meno yake yamegeuzwa: yanafunguka kuelekea upande ambao skrubu ya kawaida hukaza.

Kutu iondoe kwa siki. Loweka vipande vidogo usiku mmoja, usizidishe, kwa kuwa siki ikimaliza kutu inaanza kuula mwili wenyewe na kuuacha na rangi ya kijivu yenye vinyweleo. Ukivitoa, sugua kwa brashi ya waya laini, suuza kwa maji yaliyokorogwa magadi kijiko kimoja cha chakula kwa lita ili kuua ukali wa siki, kausha juani mara moja, paka mafuta ya cherehani. Asiyetumia magadi hukuta kutu ya rangi ya chungwa imerudi kabla ya jioni.

Kitako kinyooshwe kwa msasa uliolazwa juu ya kioo kinene cha mm 8 au zaidi, au kipande cha marumaru kisicho na wimbi. Anza na namba 80, nenda 120, malizia 220. Kisu kiwemo ndani, kimerudishwa nyuma, na kifuniko kimebanwa kama siku ya kazi, kwa kuwa mbano ule hukipinda kitako kidogo. Ukinyoosha randa tupu, ukija kuifunga itabonyea tena. Chora mistari ya kalamu ya wino kitako chote ili uone msasa unagusa wapi. Sehemu tatu ndizo lazima ziguse: ncha ya mbele, ukingo wa mdomo upande wa mbele, na kisigino. Bonde dogo kati ya mdomo na kisigino liache. Nimeona watu wakilifukuza bonde hilo siku nzima huku wakikikondesha kitako bure. Weka rula ya chuma kwa urefu: kama karatasi ya printa, ambayo ni takriban mm 0.1, inapita chini ya rula mbele ya mdomo, bado kuna kazi.

Sasa bamba la juu, na hapa naomba subira, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotumia fedha kununua kisu kinene wakati dawa wanayo mkononi. Mbao zetu zina nyuzi zinazogeukageuka: mninga, mkongo, hata loliondo. Kipande kimoja kinaenda mbele kwa sentimita 3, kisha kinarudi nyuma. Randa ikipita inanyofoa, na lawama zinaangukia unene wa kisu. Bamba la juu lililokaa mbali na makali, mm 2 au 3, haliwezi kuvunja maranda kabla nyuzi hazijachanika. Lisogeze. Kwa saiprasi ya West Kilimanjaro na kazi ya kupunguza unene, mm 1 inatosha. Kwa kumalizia mninga au mkongo, mm 0.3, yaani ubaki uzi mwembamba tu wa chuma unaong'aa mbele ya bamba. Ukingo wa mbele wa bamba uwe na mteremko wa nyuzi 50 hivi, na chini yake lilale kwenye kisu bila mwanya. Inua kuelekea kwenye mwanga: ukiona mwanga unapita, maranda yataingia hapo na kuziba mdomo kila hatua ya pili. Noa sehemu ya chini ya bamba kwenye jiwe huku mkia wake umeshuka kidogo kuliko jiwe, ili ncha pekee ndiyo iguse.

Anayeng'ang'ania kisu kinene ndani ya Bailey ya zamani ajue kinachofuata. Kisu cha mm 3 kinaziba mdomo, kwa hiyo unarudisha kiti nyuma. Kiti kikirudi kupita usawa wa kitako, kisu kinaning'inia na kutetemeka kuliko cha kwanza. Hapo unaanza kupiga tupa mdomo. Na kile kijino kinachosukuma bamba la juu kinaweza kuwa kifupi, gurudumu likazunguka na kisu kisisogee.

No. 62 mpya ni kesi nyingine. Kisu chake kinalala kwa nyuzi 12, makali yakitazama juu, na hakina bamba la juu kabisa. Kikinolewa kwa nyuzi 25 kinakata kwa 37, na hakuna kinachokipita kwenye ncha za mbao, kwa mfano kusawazisha uso wa meza ya kukatia au ncha za miguu ya kiti. Kikinolewa kwa 38 kinakata kwa 50 na kinaumudu mninga. Zamani No. 62 zilikuwa chache, na mdomo wake mwembamba wa nyuma huvunjika, kwa hiyo kutafuta ya zamani si busara hata ng'ambo. Hii naikubali, mradi ununue na kisu cha pili siku hiyo hiyo.

A2 nayo ina masharti yake. Ina kromiamu kama asilimia 5, inashika makali muda mrefu kwenye mvule, ambao hubeba vijiwe vya chokaa ndani, na kwenye mtiki wenye silika. Lakini ukiinoa kwa nyuzi 25 makali huweza kubanduka vipande vidogo vidogo. Ukiacha No. 62, ambayo pembe ya kunoa ndiyo inayoamua mkato, iache kwenye 30 au 33. Jiwe la kawaida la pande mbili la dukani linaiteleza zaidi kuliko kuinoa. Tafuta bamba la almasi. Kisu cha zamani cha chuma cha kaboni kinanoleka kwa dakika tano kwenye jiwe hilo hilo la dukani, ila kwenye grainda kichovye majini kila sekunde mbili tatu, maana kikigeuka buluu ugumu umeondoka na lazima uukate upande wote uliobadilika rangi.

Patasi za 750 hazina ugomvi. Mpini wake unaingia ndani ya kikombe cha chuma, kwa hiyo ukipasuka unachongewa mwingine wa mpera hapa hapa. Mti uwe mkavu kweli, mteremko wa ncha ufanane na wa kikombe, na ubakize nafasi ya mm 2 ndani ili mpini ukae kwa kubana pembeni, usigonge chini. Ukigonga chini, kila kiangazi utadondoka.