Usimvute makwapani: kumsogeza mgonjwa wa kiharusi kitandani

Mgonjwa akiteleza kuelekea miguuni mwa kitanda, wengi humshika makwapani na kumvuta juu. Inauma kuona, kwa sababu bega la upande uliopooza halina tena misuli yenye nguvu ya kulishikilia, na linaweza kuteguka. Matakoni nako, ngozi hunata kwenye shuka huku mfupa ukisogea. Mishipa midogo ya damu iliyo katikati hubanwa na kuchanika, na kidonda huanzia humo ndani.

Kunja shuka kubwa mara mbili, ulitandike chini yake kuanzia mabegani hadi katikati ya mapaja. Mnahitajika wawili, kila mmoja upande wake. Laza kitanda, toa mto, mwambie mgonjwa akunje goti la mguu usiopooza na kuinamisha kidevu. Viringisheni kingo za shuka hadi karibu kabisa na mwili, mlishike usawa wa bega na wa nyonga, mhesabu hadi tatu, kisha mnyanyue kidogo tu na kusogeza. Vitanda vya nyumbani viko chini: weka goti moja juu ya godoro, la sivyo kiuno chako ndicho kitakachobeba uzito wote.

Kabla ya kumgeuza ubavu, tazama mpira wa mkojo ulipo. Msogezeni kwanza upande wa pili ili asiishie ukingoni, kunja goti lililo mbali nawe, kisha mgeuze kuja kwako kwa kumshika nyuma ya bega na nyonga. Akilalia upande uliopooza, bega lile litangulizwe mbele, lisibaki limekandamizwa chini ya mwili. Asilale ubavu kamili juu ya mfupa wa nyonga. Mto mgongoni umwegemeze nyuzi 30 hivi. Mto mwingine ukae kati ya magoti, na mwingine chini ya vigimbi vya miguu ili visigino vielee.

Mgeuze kila baada ya saa 2, na mapema zaidi ngozi ikianza kubadilika. Kwenye ngozi nyeusi usitegemee wekundu: gusa kwa mgongo wa mkono, ulinganishe na sehemu ya jirani. Penye joto, pagumu, au palipolegea kama tope, pasilaliwe tena na pasisuguliwe. Mpira wa duara wa kukalia uacheni, hubana damu pembeni mwa kidonda.