Unaenda kwa nani?

Siku tatu mfululizo nilikuwa natoka zamu ya usiku na badala ya kulala nakaa kitandani na simu, mapazia nimefunga, naangalia bei za tiketi za Malta, ile nchi ya visiwa kule Mediterania. Yani si Malta yenyewe, ni Gozo, kile kisiwa kidogo cha pembeni yake, kilomita za mraba 67 tu, Unguja inakimeza zaidi ya mara ishirini. Na kila nilipofika kwenye kile kitufe cha kulipa niliweka simu chini nikaenda kuchemsha chai.

Shida sio pesa. Sawa, pesa nayo ni shida, nitaifikia. Shida ni swali ambalo kila mtu wangu niliyemgusia hii safari kaniuliza, wote, kama vile walikaa kikao: unaenda kwa nani?

Siendi kwa mtu. Sina ndugu Gozo, sina rafiki, hakuna harusi, hakuna msiba, hakuna kozi wala semina. Naenda kukaa. Na nilivyolitamka hivyo kwa mara ya kwanza kwenye simu nikasikia kimya upande wa pili halafu mama akasema, "Kukaa? Kwani huko ulipo umesimama?"

Nikifikiria vizuri simlaumu. Sisi nyumbani safari zote nilizowahi kuziona zilikuwa na sababu. Basi la Moshi ni msiba wa shangazi, basi la Dar ni hospitali au kumpeleka mtoto shule, na mimi mwenyewe kuja huku Ujerumani nilikuja kusomea uuguzi. Wanaosafiri ili wapumzike walikuwa wazungu, tunawaona wanashuka na mabegi yao ya mgongoni wanauliza njia ya Pangani, na sisi watoto tunashangaa mtu katoka kwao huko anakuja kulala kwenye mchanga, tena juani saa saba mchana, wakati vivuli vipo! Leo na mimi naulizia vyumba "karibu na ufukwe". Makubwa.

Gozo yenyewe iliniingia kichwani kwa sababu ya bibi mmoja kazini. Nafanya kazi nyumba ya wazee, na huyu bibi ukutani kwake ana picha moja kubwa, tao la mawe limesimama baharini, chini tundu kubwa unaona maji ya bluu yanapita upande wa pili. Alienda na mumewe zamani. Kila nikimgeuza usiku au nikimletea maji ananiambia habari za pale, Dwejra, jinsi walivyokaa kwenye mwamba wakala mkate na nyanya na mumewe akaungua mgongo. Nimeisikia hiyo hadithi labda mara arobaini na kila mara mgongo unaungua vilevile. Sasa siku moja mapumzikoni nikaitafuta ile sehemu kwenye simu, nikakuta halipo. Lile tao lilianguka tarehe 8 Machi 2017, dhoruba ilipiga asubuhi likashuka lote baharini, hata ile nguzo yake. Nilikaa pale jikoni na kikombe nikahisi kama nimepewa taarifa ya msiba wa mtu nisiyemjua. Bibi hajui. Sijamwambia. Watoto wake labda wanajua, sijui nao kwa nini hawajamwambia, au walimwambia akasahau, maana siku hizi anasahau.

Ndio nikaendelea kusoma, na kusoma ndio kumenimaliza.

Mwanzo nilitaka Santorini, kile kisiwa cha Ugiriki, kama kila mtu, lakini nilivyoona picha mia ni ile ile, nyumba nyeupe kuba ya bluu dada kavaa gauni refu linapepea, nikachoka kabla sijafika. Gozo hakuna mbwembwe hizo. Nyumba za mawe rangi ya asali, makanisa makubwa kupita vijiji vyenyewe, mashamba yamegawanywa kwa kuta za mawe, na kule Xwejni kuna mashamba ya chumvi yamechongwa kwenye mwamba wa ufukweni, visima vidogo vidogo vya mraba kama ubao wa bao, maji ya bahari yanaachwa yakauke na jua halafu watu wanafagia chumvi kwa mkono. Kwetu mwambao nako watu wanakausha maji ya bahari wanapata chumvi, basi nilivyoona ile picha nikasema hawa ni watu tunaojuana.

Na lugha sasa! Hii hakuna aliyenitayarisha. Kimalta kimetoka kwenye Kiarabu, kikaja kuchanganyika na Kiitalia, kinaandikwa kwa herufi za Kizungu, kwa hiyo unakisoma macho yanaona Ulaya, masikio yanasikia Pwani. Bahari wanaita baħar. Kitabu ni ktieb. Sita ni sitta, saba ni sebgħa. Alhamisi ni il-Ħamis, Ijumaa ni il-Ġimgħa. Na ras ni rasi, kuna sehemu Gozo inaitwa Ras il-Ħobż, rasi ya mkate, mimi niliyejifunzia kuogelea Raskazone kwetu Tanga nikacheka peke yangu chumba kizima. Ufukwe wao maarufu unaitwa Ramla l-Ħamra, mchanga mwekundu, na hapo nikaganda kidogo kwa sababu ramla ni mchanga na sisi tuna kupiga ramli, kwa Waarabu ramli ilikuwa ni kuchora alama mchangani ili kutazamia mambo, nimelitumia hilo neno maisha yangu yote bila kujua lina mchanga ndani yake. Halafu hii ndio kali kuliko zote, hawa watu ni Wakatoliki wa kutupwa lakini Kwaresima wanaiita Randan. Ramadhani! Wanafunga Kwaresima kwa jina la Ramadhani na wanamwita Mungu Alla, kanisani, mbele ya padri. Nilimtumia rafiki yangu mmoja wa Mombasa, yeye Muislamu, akajibu kwa sauti ya dakika mbili nzima ya kucheka tu.

Basi nikampigia mama tena. Nilijua atasema nini kuhusu bahari na akasema. Mama Mediterania anaijua kwa kupitia redio tu, na redio ikiitaja ujue boti imezama. "Ni ile ile inayoua vijana?" Nikamwambia ndiyo mama, ni ile ile. Sikuwa na cha kuongeza. Kwa sababu ni kweli, Malta iko katikati kati ya Libya na Sicily, ile ndio njia yenyewe, na mimi naenda kuogelea kwenye maji ambayo mwenzangu mwenye rangi yangu anayavuka usiku akiomba asife, tofauti yetu ni kadi ya plastiki kwenye pochi. Hiyo kadi ya ukaazi ya Ujerumani inaniruhusu kuzunguka nchi za Schengen, zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi mipakani kati yao, mpaka siku 90 ndani ya kila siku 180 bila kuomba viza nyingine, na Malta wako Schengen tangu 2007. Nilisoma mara tatu sikuamini. Mimi niliyewahi kukaa foleni ya ubalozi fulani tangu alfajiri na bahasha ya karatasi kifuani kama mtoto mchanga, leo naambiwa chukua pasi na kadi yako twende.

Tukakaa kimya wote wawili kwenye simu, unasikia tu kuku wa kwetu. Halafu mama akauliza, "Umesema kisiwa kinaitwaje?" Malta mama. Gozo iko hapo hapo Malta. Akasema, "Si huko Paulo alikoumwa na nyoka?"

Jamani mama yangu! Nilikuwa nimesahau kabisa. Matendo ya Mitume, mwishoni mwishoni huko, meli inapigwa na dhoruba siku kumi na nne, inavunjika, watu mia mbili sabini na sita wote wanafika nchi kavu, wengine kwa kuogelea wengine kwa kushikilia mbao, wenyeji wanawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi, Paulo anaokota kuni nyoka anamrukia mkononi. Mama alinisimulia yote kana kwamba mimi ndio nilikuwa sijasoma mafundisho. "Wote walifika," akarudia, "hata mmoja hakufa." Na akaongeza kwamba Paulo mwenyewe alikaa kule miezi mitatu, sasa wewe siku nane ndio unaona aibu?

Toka hapo upepo umebadilika. Wiki iliyofuata shangazi kamuuliza lile swali, binti yako anaenda kwa nani huko, na mama (hii kanisimulia mdogo wangu) akamjibu bila kupepesa: anaenda kwa Mtume Paulo.

Haya turudi kwenye pesa. Nina kibubu, kopo la maziwa ya unga nimelitoboa juu, kila wikiendi ninayofanya zamu ya ziada naweka noti moja. Nilikifungua mwezi uliopita, euro 870. Ndugu zangu wa huku mnajua kitu cha kwanza kichwa kinafanya, kinabadilisha kuwa shilingi. Inaenda mbali, milioni mbili na zaidi. Halafu kinaanza kupanga: bati za jikoni kwa mama, ada ya mtoto wa kaka, ile pampu. Nilitembea na hiyo hesabu wiki nzima nimenuna. Dada mmoja wa Kisumu tunayefanya naye kazi akaniambia, wewe mwaka jana bati ulinunua, mwaka juzi ulinunua, hiyo nyumba ina paa ngapi? Nilicheka lakini iliniuma pia. Nimefanya hivi, za bati nimetuma euro mia mbili, zilizobaki ni zangu na sizibadilishi tena kuwa shilingi, nimejikataza.

Mwezi nimechagua Oktoba. Mei kila mtu anaisifia, maua, hakuna joto kali, ila nikaangalia maji, nyuzi 18 au 19, mtu wa Tanga unamwambia aingie humo ni kumtakia mabaya. Agosti maji mazuri ila jua linachoma, bei juu, na tarehe 15 ni sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, nusu ya Malta inahamia Gozo. Oktoba bahari bado imeshika joto la kiangazi, nyuzi 23 mpaka 24, na watoto wameshafungua shule. Mvua inaweza kuanza. Inyeshe tu, nitakaa dirishani, si nimesema naenda kukaa?

Tiketi za ndege ni mtihani. Shirika moja wameniandikia euro 39 nikafurahi, kufika mwisho wa malipo, begi, kiti, kuingia mapema, imekuwa 131 na bado sijanywa hata maji. Nimefuta. Nimeanza upya. Nimefuta tena. Sasa nimeamua naenda na begi moja la mgongoni kama wale wazungu wa Pangani.

Kitu kimoja kimenifurahisha kijinga, Malta walitawaliwa na Waingereza mpaka Septemba 1964, mwaka ule ule wa Muungano wetu, na Waingereza waliwaachia vitu vile vile walivyotuachia: wanaendesha magari kushoto, Kiingereza ni lugha rasmi, na soketi za ukutani ni zile za meno matatu ya bapa. Nina chaja ya kwetu iko droo ya chini tangu nimefika huku, nilikuwa naitunza sijui kwa nini. Nimeitoa nimeifuta vumbi.

Chakula nimeona mengi sitayataja, ila wanajivunia mchuzi wa sungura. Sungura mjanja wa hadithi zote za bibi, kaishia kwenye sufuria ya Malta na divai. Sijui kama nitaweza.

Kivuko nacho nimekipenda. Unatoka Ċirkewwa upande wa Malta mpaka Mġarr kama dakika ishirini na tano, na unaenda bila kulipa, nauli wanakudai wakati wa kurudi tu. Nikajiuliza asiyerudi je.

Jana usiku nimelipa. Saa tisa usiku wazee wamelala wote, nikabonyeza, ikaja meseji ya uthibitisho na moyo ukanidunda kama nimeiba kitu. Asubuhi kabla ya kutoka nikapita kwa bibi nikamwambia, Oktoba naenda Gozo. Alinishika mkono kwa nguvu sikujua bado anazo. Hakuniuliza naenda kwa nani. Aliuliza kama nina kofia, kofia ya maana yenye ukingo, sio hii ya mvua, maana mume wake alikuwa mbishi na mgongo ukaungua. Halafu akageuza uso ukutani kwenye picha akaniambia nikifika pale nisimame palepale kwenye mwamba nimwangalizie kwenye lile tundu, upande wa pili maji yana rangi gani saa za jioni, yeye hakumbuki tena.

Nimemwambia nitamwangalizia.

Kofia bado sijapata. Zote nilizoziona ni ndogo, nywele zangu haziingii.