Mabegi ya pikipiki kwa safari ndefu: chagua ukiwaza siku utakayoanguka

Habarini wadau. Tangu nirudi kutoka Matema, kule Ziwa Nyasa, nimeulizwa sana kuhusu yale mabegi ya turubai niliyofunga kwenye AG yangu, ile pikipiki ya shamba ya Yamaha, wengine wanadhani nimeagiza nje, wengine wanajipanga kwenda Mbeya mwezi wa saba na wanatafuta maboksi ya bati kama niliyokuwa nayo mwanzo. Nikaona nikimjibu mmoja mmoja ntakesha, acha niandike yote hapa, maana hili jambo karibu linigharimu mguu kabla sijalielewa.

Nianze na safari ya Saadani, ile mbuga ya pwani. Nilikuwa na maboksi mawili ya bati, nimechongesha kwa fundi wa mtaa wa Gerezani, Dar, magumu kweli, yana kufuli, yamekaa kwenye fremu ya bomba iliyoungwa kwenye keria kwa bolti za spana namba 13. Nikatoka Bagamoyo asubuhi, njia ya vumbi iko vizuri tu, mpaka nikaingia kwenye mchanga, ule mlaini ambao tairi la mbele linaanza kuogelea. Sasa pikipiki ikiyumba kwenye mchanga mwili unatoa mguu chini wenyewe wala haukuulizi. Nikatoa mguu wa kushoto, mguu ukakita pale pale, pikipiki ikaendelea mbele, kona ya boksi ikaja kunipiga kwenye shavu la mguu na nikaenda chini. Namshukuru Mungu mfupa haukuvunjika, lakini wapo waliovunjika hivyo hivyo kabisa, mguu unabanwa kati ya ardhi na boksi gumu, na boksi halina huruma, halikunjiki wala halisogei.

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Pikipiki imelala juu ya boksi la kushoto, najaribu kuinua, haiinuki. Nikasema basi ntoe boksi kwanza uzito upungue. Spana namba 13 iko wapi? Ndani ya boksi la kushoto. Nikakaa kwenye mchanga karibu saa nzima mguu unavimba, jua linapanda, mpaka wakapita vijana wawili na baiskeli ya samaki. "Pole dada, tushike wapi?" Wakainua, wakanipa maji, wakakataa hela.

Kuanzia siku ile swali langu la kwanza nikiona begi lolote ni moja, hii kitu ikilala chini nikiwa peke yangu ntainua? Ujazo, rangi, kufuli, vyote vinakuja nyuma ya hapo.

Nilivyorudi nikapeleka yale maboksi dukani kwa mangi nikayaweka kwenye mizani ya mchele, matupu kabisa. Kila moja kilo 6, fremu ya yote mawili kilo 5. Yani kilo 17 kabla sijaweka hata soksi. Mabegi ya turubai niliyonayo sasa yote mawili pamoja na mikanda yake hayafiki kilo 4. Hizo kilo 13 za tofauti ni sawa na kubeba lita 13 za maji mgongoni mwa pikipiki kutoka Dar mpaka Mbeya bila kunywa hata tone, zaidi ya kilomita 800. Na pikipiki zetu hizi za cc 125, 150, 200 hazina nguvu ya kuchezea, mlima wa Kitonga unausikia uzito wote, uko gia ya pili nyuma ya lori la shehena na huwezi kupita.

Halafu kuna suala la uzito unakaa wapi, hapa watu wengi hawapafikirii. Ekseli ya nyuma ni kama mhimili wa pembea. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli unabonyeza nyuma na kuinua mbele, tairi la mbele linakuwa jepesi, usukani unaanza kutikisika ukiachia gesi, na ukikata kona linachelewa kutii. Ndo maana boksi kubwa la juu la nyuma, lile kila mtu analipenda, ndo sehemu mbaya kuliko zote ya kuweka vitu vizito. Givi ya Italia ambao wanatengeneza maboksi miaka na miaka, mengi ya maboksi yao yameandikwa kikomo kilo 10, na wanamaanisha. Mtu anaweka humo betri, spana, maji, kompyuta, baada ya matuta ya Morogoro mpaka Iringa anashangaa keria imekatika. Keria haikuwa mbovu, ni mzigo unaruka juu na kushuka kila tuta na chuma kinachoka mpaka kinapasuka kwenye weldi.

Vizito viweke chini na mbele, karibu na magoti yako. Mimi spana, tyubu ya akiba na pampu viko kwenye mfuko mdogo kwenye kifua cha injini, na nimehakikisha naufikia pikipiki ikiwa imelala upande wowote. Nguo na hema ambavyo ni vyepesi ndo vinakaa nyuma. AG ina keria ya mbele pia, pale naweka koti la mvua tu, sababu uzito mwingi pale unageuza usukani kuwa mzito. Ina stendi mbili za pembeni, kushoto na kulia, ukiwa umebeba mzigo na umesimama kwenye tope unachagua upande wenye ardhi ngumu, mtu aliyeibuni alijua shamba.

Sitaki niseme maboksi magumu hayafai, hapana. Kama una pikipiki kubwa, unaenda Arusha au Dodoma kwa lami mwanzo mwisho, unalala hotelini, umebeba kamera, boksi lina raha yake, unafunga kufuli unaingia kula chakula una amani. Lakini pima upana. Mimi kanuni yangu mzigo usizidi upana wa usukani, maana mahali ambapo usukani umepita akili inaamini na wewe umepita. Pia upepo. Kama umewahi kupita Makambako unajua upepo wa pale, unakuja wa pembeni kwenye uwanda mtupu, na boksi pana lenye uso bapa linakuwa tanga la ngalawa. Safari hii na mabegi laini nilisukumwa kidogo tu, nikashukuru.

Sasa hayo mabegi. Yale ya Kriega ya Uingereza ni mazuri sana, nimeyashika kwa rafiki yangu, lakini ukishalipia na usafirishaji na ushuru unaona bora ununue tairi mbili na mafuta ya safari nzima. Nikaenda kwa mafundi wanaotengeneza turubai za malori. Nikamwambia fundi nataka mifuko miwili ya pembeni, kama matandiko ya punda, mikanda inapita juu ya siti, na mfuko mmoja mrefu wa kulaza nyuma yangu. Alikuwa na cherehani kubwa pale nikadhani atashona, akakataa. "Dada, sindano ikipita hapa maji nayo yatapita, hii tunaiunga kwa moto." Akachukua mashine ya upepo wa moto, anapuliza kati ya pande mbili za turubai mpaka plastiki inalainika inang'aa, anapitisha kirola juu, zinashikana zinakuwa kitu kimoja. Mikanda tu ndo ilishonwa, na ilishonwa kwenye kiraka cha nje kisha kiraka ndo kikaungwa kwa moto, ili tundu la sindano lisiguse mfuko wenyewe. Mdomo hauna zipu, unakunjwa mara tatu au nne kisha unabanwa na klipu. Zipu achana nayo kwa mvua zetu, vumbi la Dodoma peke yake linaiua.

Kupima ni kama fundi pancha anavyopima tyubu. Nikajaza hewa, nikafunga mdomo, nikazamisha kwenye beseni nikiminya. Mmoja ulitoa mapovu kwenye kona ya chini, vidogo vidogo vinapanda kwa mstari, fundi akarudia kona ile palepale. Nawaomba msiruke hatua hii. Tukuyu haina msimu wa kukuonea huruma, mimi ilininyeshea kutoka Uyole mpaka karibu na Kyela, na jioni nilivaa sweta kavu.

Upande wa sailensa weka kipande cha bati kati ya begi na bomba, kiwe na nafasi ya vidole vitatu upepo upite. Turubai ni plastiki, likigusa bomba la moto linatoboka na linaweza kuwaka. Na begi liwe na mkanda wa kulivuta mbele na mwingine wa kulivuta chini, maana begi la pembeni lisipofungwa chini linaelea kila tuta na siku moja linaingia kwenye spoki.

Kuhusu kufunga, zile kamba za mpira zenye ndoano za chuma mimi nimeziacha. Ndoano ikichomoka inarudi na nguvu yote usoni, au inadondokea kwenye mnyororo. Bodaboda wetu walishamaliza hili somo zamani, mpira wa tyubu ya baiskeli iliyokatwa mstari mrefu, hauna chuma, unabana unavyotaka, ukikatika njiani unapata mwingine kijiji chochote. Natumia mikanda ya klipu kushika mzigo na mpira wa tyubu kuubana usicheze.

Kabla hujasafiri funga kila kitu kama unaondoka kweli, kisha tafuta mchanga au majani, ilaze pikipiki taratibu halafu iinue peke yako. Ikikushinda nyumbani ukiwa umekula na umepumzika, njiani utaweza? Mimi nilitoa vitu mara tatu ndo nikaweza. Baada ya hapo nikaenda Chalinze na kurudi, karibu kilomita 200, nikarudi nakaza mikanda upya, maana turubai jipya linalegea likipata jua. Ongeza upepo kidogo tairi la nyuma, kaza springi ya shokapu, na usiku angalia taa, nyuma ikishuka taa inainuka na unawapofusha madereva wa mbele bila kujua.

Gesti sikuacha kitu nje. Klipu nne, nabeba mabegi yote safari moja mpaka chumbani, na mhudumu hata hajui kama nimekuja na pikipiki.

Na acheni nafasi ya vitu vya kurudi navyo jamani. Ruaha Mbuyuni kuna vitunguu, Kyela kuna mchele, na mimi mama alikuwa ameniagiza chungu cha Matema, vile wanavyofinyanga Wakisi. Hicho chungu kilinitoa jasho kuliko nguo zote. Ndani nikakijaza soksi na mchele kilo 5 kwenye kiroba, nje nikakizungushia sweta na vitenge viwili, nikakilaza katikati ya ule mfuko mrefu, nguo kila upande, nikatoa hewa yote ndipo nikakunja mdomo. Matuta yote ya kurudi nilikuwa nasimama kwenye vikanyagio magoti yakichukua mtikisiko, Mikumi nikaenda polepole na nyani wananitazama.

Nimefika Mbezi saa mbili usiku. Mama hakunisalimia vizuri, alikuwa anaangalia mfuko. Akakitoa mwenyewe, akafungua kitenge kimoja kimoja, akakigonga kwa kucha, kikalia kama kengele ndogo. "Kizima hiki mwanangu." Akakibeba kwenda jikoni kukijaza maji.