Usiku Betelgeuse ilipofifia Key Largo

Jiwe lililoifunika nyota usiku huo linaitwa Leona, asteroidi namba 319, liligunduliwa mwaka 1891 na Auguste Charlois kule Nice, Ufaransa, na kama hujawahi kulisikia ni sawa tu, maana ni moja kati ya maelfu kwa maelfu ya mawe yanayozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii, kwa macho hulioni na kwa darubini ndogo pia hulioni. Sasa kilicholifanya lizungumzwe mpaka kwenye taarifa za habari ni kwamba usiku wa tarehe 11 Desemba 2023, kwa saa za huku Florida ninakoishi, lilikuwa linapita mbele ya Betelgeuse, ile nyota nyekundu ya begani kwa kundi la nyota la Orion, moja ya nyota zinazong'aa kuliko zote mbinguni. Kwa sekunde zisizozidi 15 nyota nzima hiyo ingezibwa, au karibu kuzibwa, na jiwe lenye upana wa mwendo wa saa moja hivi kwa gari.

Matukio haya ya asteroidi kuziba nyota, okultesheni, yapo kila siku sehemu fulani ya dunia, ila mara nyingi nyota yenyewe ni hafifu na watu wanaoifuatilia ni wachache. Ya Betelgeuse ilikuwa kitu kingine kabisa. Na mimi na Betelgeuse tulikuwa na historia, maana mwisho wa 2019 kuingia Februari 2020 ilipofifia ghafla na watu wakaanza kusema inalipuka, ndo wakati nilianza kutoka nje usiku baada ya kazi kuiangalia na kuilinganisha na jirani zake, Aldebaran na Bellatrix, naandika kwenye daftari. Baadaye wataalamu wakaeleza kuwa ilitema gesi nyingi, gesi ikapoa ikawa vumbi, vumbi likaziba sehemu ya uso wake. Haikulipuka, lakini mimi nilishanogewa, nikaingia kwenye kikundi cha wanaopima okultesheni huku kusini mwa Florida, wengi wao wazee wastaafu, watu wema sana, wakanifundisha kila kitu bila kunichoka.

Jambo nililolipenda kuliko yote ni hili: kivuli cha asteroidi kikipita juu ya ardhi, kila mtu aliyesimama ndani yake anaandika saa nyota ilipopotea na saa iliporudi, basi. Wewe unatoa mstari mmoja tu. Aliye kilomita kumi kaskazini yako anatoa wake, wa kusini anatoa wake, ukiipanga mistari yote kwenye karatasi unapata umbo la jiwe ambalo hata darubini kubwa inaliona kama nukta. Na yule ambaye nyota haikupotea kwake kabisa naye anahitajika, kwa sababu yeye ndo anaonyesha jiwe linaishia wapi. Pete za jiwe jingine liitwalo Chariklo zilipatikana hivyo hivyo mwaka 2013 kutoka Amerika Kusini, nyota ilipepesa kidogo kabla ya jiwe na kidogo baada ya jiwe, wakajua kuna kitu kinalizunguka. Zile za sayari ya Uranus pia, mwaka 1977, na hizo zilionwa kutoka kwenye ndege yenye darubini iliyokuwa inaruka juu ya Bahari ya Hindi, bahari yetu.

Kutabiri kivuli kitapita wapi ndo kazi yenyewe. Kwa nyota za kawaida siku hizi kuna vipimo vya setilaiti ya Gaia, iliyozimwa 2025, ilipima mahali pa nyota zaidi ya bilioni moja kwa usahihi wa ajabu, ukiongeza na njia ya asteroidi unajua kivuli kitapita kijiji gani. Lakini Betelgeuse inang'aa mno, Gaia ilishindwa kuipima vizuri, kwa hiyo ilibidi watu warudi kwenye vipimo vya setilaiti ya zamani ya Hipparcos na vya darubini za redio. Halafu nyota yenyewe haitulii, ni kubwa mno na ina mapovu ya gesi ya moto yanayopanda na kushuka, upande mmoja unang'aa zaidi leo, upande mwingine kesho, kwa hiyo hata ukiuliza katikati yake ni wapi jibu linayumba. Upande wa Leona mambo yalikuwa mazuri zaidi, kwa sababu Septemba hiyo hiyo jiwe lilikuwa limeziba nyota nyingine hafifu, timu ya José Luis Ortiz wa Hispania na wenzao wakaipima wakapata umbo la yai, kama kilomita 80 kwa 55.

Ukipiga hesabu ya ukubwa unaoonekana kutoka duniani, Leona ikiwa mbali kilomita milioni 270 hivi, na Betelgeuse zaidi ya miaka nuru 500, vyote viwili vinatoka karibu sawa. Ni kama sarafu ya shilingi mia mbili uitazame ukiwa kilomita 100 na ushee. Kwa hiyo hakuna aliyejua kama nyota itazimika kabisa, au itabaki pete nyembamba ya mwanga, au itamegwa tu upande. Hapo ndo palikuwa na utamu. Na nyota nyingine ni nukta, zinakatika ghafla, lakini Betelgeuse ina uso, kwa hiyo ukingo wa jiwe ungepita juu ya uso ule taratibu, na jinsi mwanga unavyopungua ingeeleza sehemu zipi za uso zinang'aa zaidi. Yaani unaisoma nyota kwa kutumia jiwe.

Njia ilianzia Asia ya Kati, Tajikistan, ikapita Armenia, Uturuki, Ugiriki, Italia, Hispania, ikavuka Atlantiki nzima, ikaingia Miami na visiwa vya Keys, ikamalizikia Meksiko. Nilipoiona ramani kwa mara ya kwanza, nikaona mstari unapita kwenye barabara ninazoendesha mimi, nilikaa kimya muda mrefu. Kazini nahudumia wazee, zamu zinabadilika ovyo, nikamwendea msimamizi mapema kabisa nikaomba ofu ya tarehe ile, nikapewa.

Shemeji yangu, mume wa dada, ndo alinipeleka maana gari lake ni kubwa na mimi nilikuwa na vitu, darubini ya milimita 80, kamera, laptopu, tripodi mbili na betri ya ziada. Mzee mmoja wa kikundi alikuwa ameshatugawia sehemu, akasisitiza tusirundikane wote mstari wa katikati, wengine wakabaki Miami, wengine wakaenda nje kabisa ya njia kwa makusudi. Mimi nikapewa Key Largo, kimoja cha visiwa vya Keys. Tukatoka mchana, tukapita Homestead, Florida City, tukaingia ile barabara ndefu iliyonyooka yenye mikoko kushoto na kulia, shemeji akawa anasema hapa ni Mtwapa kabisa, na kwa kweli ile harufu ya matope ya mikoko ni ile ile.

Tulifika jua halijazama. Tukapata sehemu upande wa Atlantiki inayotazama mashariki, kwa sababu saa ile Betelgeuse ingekuwa bado chini, kama nyuzi 23 tu juu ya upeo, mti mmoja au paa moja lingetuharibia. Upepo ulikuwa mkali, nikaitundikia tripodi begi la maji katikati isitikisike. Mwezi haukuwepo, giza zuri. Giza lilipokaza Kilimia kikaonekana vizuri upande wa mashariki, bibi yangu Tanga alikuwa akikitazama kujua msimu, na mimi nikakitumia kumwonyesha shemeji njia: toka Kilimia, shuka Aldebaran, shuka tena, ile nyekundu ya chini ndo yetu.

Kikazi nilikuwa na mambo mawili. La kwanza mwanga, nyota ya namna ile inaijaza kamera mpaka huwezi kupima, kwa hiyo unaitoa kwenye fokasi kwa makusudi inakuwa duara kubwa, mwanga unasambaa. La pili saa. Ripoti isiyo na saa sahihi haina maana, sekunde moja ikipotea umeshahamisha mstari wako kilomita kadhaa, hivyo nilikuwa na simu yenye apu inayowasha taa ya fleshi kwa saa ya GPS, unaimulika kamera kabla na baada ya tukio na ile miale inabaki ndani ya video kama muhuri.

Mawingu yalikuwa yanapita vipande vipande kutoka baharini. Saa mbili kasoro wingu moja likakaa mbele ya Orion yote, sikusema neno, shemeji naye hakusema. Likapita. Saa mbili na dakika 15 nikamulika fleshi, nikaanza kurekodi, nikamwambia shemeji wewe usiangalie skrini, angalia juu kwa macho yako, linganisha na Aldebaran, ukiona chochote sema kwa sauti, sauti yako itaingia kwenye video.

Saa mbili na dakika 24 akapiga kelele, "Inapungua shem! Inapungua, inapungua!" na mimi nikainua kichwa kutoka kwenye skrini kwa sababu nilitaka kuona kwa macho yangu mwenyewe. Ilikuwa inapungua kweli. Haikuzimika, hapana, ilifanya kama inarudi nyuma, ile nyekundu iliyokuwa inaizidi Aldebaran ikawa sawa nayo, kisha nikaona kama imekuwa chini yake, ikakaa hapo kidogo, halafu ikapanda taratibu mpaka ikawa yenyewe. Yote hayo kwa sekunde chache, nyota kubwa kiasi kwamba ukiiweka mahali pa jua inaimeza dunia yetu, imefunikwa na jiwe la kilomita 80, na sisi tupo chini ya kivuli chake kwenye kipande cha changarawe pembeni ya bahari. Nililia. Shemeji akanishika bega akasema "Umeipata shem, umeipata."

Nikamulika tena fleshi, nikafunga rekodi, nikaikopi faili mara mbili kabla hata ya kufungua tripodi.

Kisha nikampigia mama. Tanga ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri, nilijua yuko macho anasubiri adhana, na kwa bahati Betelgeuse ilikuwa juu kwake pia, upande wa magharibi, nilikuwa nimeshamwelekeza jana yake atoke uani aiangalie saa ile ile.

"Shikamoo mama. Umeiona?"

"Marahaba mwanangu. Nimeiona, ipo, mbona haikufanya kitu? Nimesimama na mtandio kichwani nusu saa nzima, inawaka vile vile."

Nikamweleza kuwa ndivyo inavyotakiwa, kivuli ni chembamba, kimepita Asia, Ulaya na huku kwetu tu, kwake hakikufika. Akauliza, sasa mimi nyota ninayoiona na unayoiona wewe si ni moja? Nikamwambia ni moja. Akanyamaza kidogo akasema basi jiwe hilo ni dogo kweli, na mkwe wangu yuko salama kuendesha usiku? Huyo ndo mama. Lakini ona, kwa swali moja alikuwa ameshafika kwenye hoja nzima: mwanga ule ule, mimi nimenyimwa yeye amepewa, na mpaka kati yetu ndo ukingo wa Leona.

Tulifika nyumbani usiku mwingi, sikulala. Nikaiweka video kwenye programu ya Tangra, inapima mwanga fremu kwa fremu na kuchora mchoro. Michoro yangu ya nyuma, ya nyota hafifu, yote ina kuta zilizonyooka, mwanga upo, haupo, upo. Huu ulikuwa bakuli. Ulishuka kwa mteremko, ukagusa chini bila kufika sifuri, ukapanda kwa mteremko, na ule mteremko ndo uso wa Betelgeuse wenyewe umepimwa na kamera yangu ya bei nafuu. Niliuangalia mpaka kukapambazuka.

Asubuhi mzee wa kikundi aliandikia wote kuwa waliokwenda nje ya njia kaskazini hawakuona mabadiliko yoyote na aliwashukuru wao kwanza kabla yetu, jambo lililonifurahisha sana. Kisha akanijibu mimi peke yangu kwa maswali: fleshi ya GPS ilimulikwa kabla na baada? Latitudo na longitudo ni za pale tripodi iliposimama au za maegesho ya gari? Nikamjibu ilimulikwa mara zote mbili, na vipimo ni vya pale pale kwenye tripodi, nikamtumia faili zima pamoja na ile sauti ya shemeji. Akaandika: imepokelewa, mstari wako umeingia.