Mlango wa gereji kwenye baridi ya Minnesota: nilivyobadilisha springi na kuuzuia usigande chini

Huku viunga vya Minneapolis, ambako Wakenya wengi tunaishi kwenye nyumba zenye gereji iliyoungana na nyumba, mlango wa gereji hufunguliwa mara nyingi kuliko ule wa mbele. Januari, kipimajoto kikishuka hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, ndipo unapoonyesha ubovu wote uliokuwa umejificha tangu kiangazi. Wangu ni wa magari mawili, upana futi 16 na urefu futi 7, wa bati lenye foamu katikati. Matatizo yalikuja mawili kwa pamoja: springi moja ilikatika, na mpira unaoziba ukingo wa chini wa mlango ukawa unagandana na zege kila usiku.

Kabla ya kushika spana, kuna jambo moja ambalo lazima lieleweke, maana watu wengi huanza kwa kulaumu mota. Mota ya gereji haikuundwa kunyanyua mlango. Uzito wote hubebwa na springi; kazi ya mota ni kusukuma kitu ambacho tayari ni chepesi. Kwa hiyo baridi ikija na mlango ukigoma, usikimbilie kuongeza nguvu ya mota. Funga mlango, chomoa mota kwenye umeme, vuta kamba nyekundu inayoachanisha mlango na mota, kisha uinue kwa mkono mpaka kiunoni. Mlango usio na hitilafu hubaki pale pale ulipouachia. Ukishuka wenyewe, springi zimechoka. Ukipaa juu, zimekazwa kupita kiasi. Ukiwa hauinuki kabisa, ama springi imekatika ama umegandana na sakafu. Kamba nyekundu ivutwe mlango ukiwa umefungwa tu: ukiivuta mlango ukiwa juu na springi imekatika, zaidi ya kilo 70 zitaanguka mara moja.

Springi iliyokatika haihitaji kutafutwa. Tazama shafti iliyo juu ya mlango: utaona pengo la kama inchi 2 katikati ya mizunguko ya waya. Wakati wa kukatika hutoa mlio mkubwa unaosikika nyumba nzima. Baridi si chanzo chake hasa. Springi ya kawaida hutengenezwa kwa takribani mizunguko 10,000 ya kufungua na kufunga. Ukifungua mara nne kwa siku, unaimaliza kwa miaka kama saba. Ufa mdogo huanza kwenye waya, hasa penye kutu, halafu asubuhi ya baridi kali, chuma kikiwa kimekakamaa na grisi imekuwa nzito kama nta, ule ufa huenea mpaka waya ukakatika. Ndiyo maana springi nyingi hukatika Januari kwenye ufunguaji wa kwanza wa siku.

Vipimo vya springi ndivyo vinavyowashinda wengi, na ukikosea hapo mlango hautakaa sawa hata ukaze vipi. Vinahitajika vinne. Kwanza unene wa waya: usipime waya mmoja, pima urefu wa mizunguko 20 iliyobanana kwenye sehemu isiyokatika, kisha gawanya kwa 20. Yangu ilitoka inchi 4 na 1/8, yaani waya wa inchi 0.207. Ingetoka inchi 4 na nusu, ungekuwa wa 0.225. Pili, kipenyo cha ndani, ambacho kwenye nyumba nyingi ni inchi 2, na mara nyingi kimeandikwa kwenye koni, kile kichwa cha alumini kilichofungwa mwishoni mwa springi. Tatu, urefu wa springi ikiwa imelegea, bila koni. Iliyokatika ipimwe vipande vyote viwili na ujumlishe. Yangu ilikuwa inchi 20. Nne, upande: springi ya kushoto na ya kulia husokotwa kinyume, kwa hiyo agiza kwa kutaja iko upande gani ukiwa umesimama ndani ya gereji na kuutazama mlango.

Nilizibadilisha zote mbili. Zilifungwa siku moja na zimefanya kazi sawa. Ile iliyobaki nayo iko karibu kukatika. Tena sikununua zilezile. Nilichukua waya wa 0.225 wenye urefu wa karibu inchi 30. Waya mnene ni mgumu zaidi, lakini springi ikiwa ndefu ugumu huo hugawanyika, kwa hivyo nguvu ya kunyanyua inabaki karibu ileile huku chuma chenyewe kikipungukiwa na mzigo kila mlango unapofunguka. Tofauti ya bei ni ndogo, na maisha ya springi huweza kuongezeka maradufu na zaidi. Mlango wa futi 16 una nafasi ya kutosha kwenye shafti kwa urefu huo. Usichague kwa kukisia: mpe muuzaji vipimo vya zamani pamoja na uzito wa mlango, naye atakokotoa urefu kamili. Uzito unaupata kwa kuuweka mlango juu ya mizani ya bafuni katikati, springi zote zikiwa zimelegezwa. Wangu ulikuwa takribani kilo 79.

Sasa usalama, na hapa sitasema kwa upole. Springi iliyokazwa inaweza kuvunja mkono au kutoboa jicho. Vyuma vya kukazia ni viwili, vya mviringo, nusu inchi unene na inchi 18 urefu, vinavyoingia sawasawa kwenye matundu ya koni. Bisibisi haifai hata kidogo, wala nondo ya ujenzi yenye mbavu. Vaa miwani ya kinga. Simama kando ya koni, uso usiwe kwenye mstari wa chuma. Baridi nayo inaongeza hatari yake: vidole vilivyokufa ganzi havijui kama vimeshika vizuri. Fanya kazi saa ya mchana yenye afadhali, pasha gereji kwa hita ya umeme, na tumia glavu nyembamba za ngozi badala ya zile nene za theluji. Usiwashe gari wala jiko la mkaa ndani ili upate joto. Hewa ya sumu haina harufu, na gereji imeungana na nyumba. Kama huna vyuma hivyo au huna uhakika na vipimo, muite fundi. Hilo si jambo la kuona aibu.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Mlango umefungwa, mota haina umeme. Nilibana koleo linalojifunga kwenye reli, juu kidogo ya kigurudumu, kila upande, ili mlango usipae springi zikikazwa. Springi ambayo haijakatika ndiyo inayoanza kulegezwa: ingiza chuma cha kwanza kwenye koni mpaka kigote, kiinue kidogo ili ubebe mzigo, ndipo ulegeze skrubu mbili za kichwa cha mraba. Hapo utauhisi uzito wote mkononi. Shusha robo mzunguko, ingiza chuma cha pili kwenye tundu linalofuata, toa cha kwanza, shusha tena, mpaka springi ilegee kabisa. Usiachie chuma hata sekunde moja kabla cha pili hakijaingia.

Baada ya hapo legeza puli za nyaya za kunyanyulia mlango zilizo miishoni mwa shafti, fungua bolti mbili zinazoshika springi kwenye bamba la katikati, sogeza shafti pembeni na uvue kila kitu. Beringi ya katikati igeuze kwa kidole. Ikikwaruza, badilisha sasa hivi, maana hutarudi tena hapo kwa miaka. Angalia pia nyaya hizo za kunyanyulia: uzi mmoja uliokatika karibu na kishikizo cha chini unatosha kukuambia ununue mpya. Maji yenye chumvi yanayodondoka kwenye magari hula waya hasa pale chini. Kishikizo hicho cha chini kisiguswe kamwe springi zikiwa zimekazwa, kwa sababu ndicho kinachoshika nguvu yote.

Springi mpya zikishaingia, rudisha puli, zungusha waya kwenye mifereji yake na uvute pande zote mbili zikaze sawasawa kabla ya kufunga skrubu za puli. Upande mmoja ukilegea hata kidogo, mlango utapanda ukiwa umeinama na waya utaruka kwenye puli. Niliibana shafti kwa koleo jingine ili isirudi nyuma. Kisha nilipiga mstari wa chaki kwenye kila springi kutoka mwisho hadi mwisho. Mstari huo ndio hesabu yako: kila mzunguko mmoja wa kukaza unaufanya uizunguke springi mara moja. Kwa mlango wa futi 7 wenye puli za inchi 4, kaza mizunguko saba na nusu, yaani robo 30, ukisukuma chuma kuelekea juu. Springi hurefuka unapoikaza, kwa upana wa waya mmoja kila mzunguko, kwa hiyo kabla ya kufunga skrubu ivute kama robo inchi kutoka katikati ili isijikwaruze yenyewe. Skrubu zikigusa shafti, ongeza nusu hadi robo tatu ya mzunguko tu. Ukizidisha unabonyeza bomba la shafti, na siku nyingine koni haitatoka.

Toa koleo zote, inua mlango kwa mkono. Ukiwa mzito kidogo, ongeza robo mzunguko kila upande. Lakini kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri usitafute ulinganifu kamili, kwa sababu sehemu ya uzito huo ni grisi iliyoganda. Ukiusawazisha hapo mpaka uelee, Julai utakuwa unapaa.

Grisi ndiyo ilikuwa hatua iliyofuata. Nilifuta ile nzito ya zamani kwenye bawaba na vigurudumu, nikapulizia silikoni ya milango ya gereji kwenye bawaba, beringi za vigurudumu, beringi za shafti na mwilini mwa springi zenyewe. Reli hazipakwi chochote, zipanguse tu. Grisi ndani ya reli hukusanya mchanga wa barabarani, na baridi huugeuza kuwa gundi. WD-40 ya kawaida ni nzuri kwa kusafisha kutu, ila haikai kama kilainishi.

Tatizo la mpira wa chini lilikuwa na chanzo rahisi. Gari huingia na theluji, theluji huyeyuka, maji hutiririka mpaka kwenye mlango, usiku yanaganda pamoja na mpira. Ukibonyeza rimoti tena na tena, mota inavuta sehemu ya juu ilhali chini pameshikwa: mpira unachanika, bati la juu linapinda, au gia ya plastiki ndani ya mota inasagika. Achanisha mota, pita na draya ya nywele kwenye mstari wa chini, gonga taratibu kwa kipande cha mbao na ukwangue kwa plastiki. Maji ya moto yatafungua, kisha yataganda upya baada ya dakika chache, na safari hii barafu ni nyingi zaidi. Chumvi ya kawaida hupoteza nguvu ikifika nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Kalsiamu kloridi inaendelea kuyeyusha hata karibu na 29 chini ya sifuri. Tumia kidogo, ufagie baadaye, kwa sababu zote mbili hula zege na bati.

Suluhisho lililodumu ni kubadilisha mpira wenyewe. Wa vinili hukauka kama mbao kwenye baridi hii, haulali tena kwenye sakafu, na maji hupita chini yake. Nilinunua wa EPDM, aina ya mpira wa kutengenezwa kiwandani, ambao hubaki laini, nikachagua wenye ncha za umbo la T zinazotoshea mifereji ya alumini. Pima ncha hizo kwanza, nyingi ni robo inchi au inchi 5/16. Kuuingiza futi 16 kunahitaji watu wawili, mmoja akivuta na mwingine akiunyoosha, na silikoni ndani ya mfereji. Acha inchi mbili za ziada kila mwisho, maana mpira hujivuta baridi ikizidi. Kila wiki kadhaa naufuta na kuupulizia silikoni, na jioni nasukuma maji nje kwa mpira wa kukaushia sakafu. Hiyo ya jioni ndiyo inayosaidia kuliko zote.

Kuna jambo ambalo mpira hauwezi kulitatua. Misingi ya nyumba hapa kusini mwa Minnesota huchimbwa inchi 42 ili ipite chini ya udongo unaoganda, lakini zege la mbele ya gereji limelala juu ya udongo tu. Udongo ukiganda huvimba na kuinua zege. Mlango hugusa upande mmoja mapema, mota inadhani imemgonga mtu, inarudi juu. Nilirekebisha kikomo cha kushukia kidogo, si nguvu.

Mwisho ni macho mawili ya usalama, yaani vihisi vya mwanga vinavyouzuia mlango kushuka kukiwa na kitu njiani, yaliyo karibu na sakafu, yasiyozidi inchi 6 kwenda juu. Chumvi na ukungu wa barafu huyaziba. Kitambaa kikavu kinatosha. Mlango ukigoma kufunga saa fulani tu za siku, angalia jua: wakati wa baridi liko chini na humulika moja kwa moja jicho linalopokea. Badilishana jicho linalotuma na linalopokea ili la kupokea likae upande wa kivuli. Kila baada ya matengenezo laza ubao wa inchi 2 kwa 4 sakafuni katikati ya mlango na ufunge kwa rimoti. Ukigusa ubao ni lazima urudi juu ndani ya sekunde mbili. Usiporudi, usiutumie na mota mpaka urekebishwe, hasa kama nyumbani kuna watoto.