Mtoto Aliyekwenda Karafuuni

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiingiza kwenye kompyuta uzito wa watoto wanaopimwa kliniki huku Pemba, na hakuna kilichonisumbua kama visanduku vitupu. Mtoto hupimwa mwezi wa kwanza na wa pili, kisha mstari wake hukatika, na siku mama anaporudi nikimuuliza alikuwa wapi, mara nyingi hunijibu: "Tulikuwa karafuuni, mwanangu." Mkuu wangu wa kazi wa wakati ule aliniagiza niwafute wote wenye mapengo. Niliwafuta, tukabaki na watoto wa wale ambao msimu wa karafuu hauwatoi nyumbani.

Njia nyengine, ya kuchukua wastani wa waliohudhuria kila mwezi, haikuwa bora. Tuseme watoto watatu wana kilo 7, 8 na 9, yaani wastani wa kilo 8. Mwezi unaofuata kila mmoja ameongezeka gramu 300, ila yule wa kilo 9 hakuletwa. Wastani wa wawili waliokuja, mwenye 7.3 na mwenye 8.3, ni kilo 7.8. Ripoti itasema uzito umeshuka kwa gramu 200, ilhali hakuna mtoto hata mmoja aliyepungua.

Aliyenifumbua macho ni Nan Laird, aliyekuwa profesa wa takwimu za afya katika Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1982, pamoja na mwenzake James Ware, alichapisha katika jarida la Biometrics makala ambayo hadi leo wanaofuatilia watu wale wale kwa muda mrefu huitegemea. Kwa mujibu wao, ukuaji wa kila mtoto una sehemu mbili: ile anayoshiriki na wenzake wote, na ile iliyo yake peke yake, yaani pale alipoanzia na kasi anayokwenda nayo. Sehemu hii ya pili huitwa athari nasibu. Mwenye vipimo kumi hujisimamia. Mwenye viwili huazima kwa wenzake, na makadirio ya mstari wake huvutwa kuelekea wa jumla, lakini hafutwi. Wala si lazima wote wapimwe siku moja. Zaidi ya hayo, hesabu hii inakubali jambo ambalo mama yeyote analijua, kwamba vipimo kumi vya mtoto mmoja si watoto kumi, na anayevihesabu hivyo hujipa uhakika asiokuwa nao.

Ukokotoaji wenyewe ulikuwa mzito kwa kompyuta za zama zile. Laird na Ware walitumia mbinu ambayo Laird, Arthur Dempster na Donald Rubin waliieleza mwaka 1977: unaanza na makisio, unayatumia kukadiria usichokiona, unakokotoa upya, na unarudia mpaka majibu yatulie. Mwaka 2021 Laird alitunukiwa Tuzo ya Kimataifa ya Takwimu, na kwa maoni yangu ilichelewa.

Hata hivyo hesabu hii ya athari nasibu ina sharti, na hapo ndipo ninapowaomba wenzangu wa kazi hii wawe waangalifu. Rubin alikwishaonesha mwaka 1976 kwamba pengo linaweza kupuuzwa iwapo sababu yake, ukishazingatia vipimo ulivyonavyo, haitegemei kile ambacho hukukipima. Mtoto aliyekwenda karafuuni na wazazi wake huenda akalitimiza sharti hilo. Mtoto ambaye hakuletwa kwa sababu wiki ile ile alikuwa akiharisha na kukonda halitimizi, kwani uzito ambao haukuandikwa ndio uliomzuia, na hesabu itamchorea mstari mzuri kuliko hali yake halisi.

Kwa hiyo nimeongeza safu moja kwenye daftari, ya sababu ya kutokuja, na mama anaporudi humuuliza kabla mtoto hajawekwa kwenye mizani. Wengi husema karafuu. Mmoja wiki iliyopita alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Alikuwa hali chakula, mwanangu, nikaona aibu kumleta."